Usiuze tamthilia yako kwa bei hiyo, na kamera usinunue

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 29, naishi Mbagala Rangi Tatu. Nilianzia kwenye kikundi cha maigizo cha mtaani, na mpaka sasa nimecheza tamthilia mbili za televisheni, moja kama shoga wa mhusika mkuu, nyingine kama dada wa saluni. Nimeandika tamthilia yangu ya vipindi 13 kuhusu wanawake wanaokaanga samaki pale soko la Feri. Mtayarishaji mmoja ameisoma na anaitaka. Atanipa milioni mbili na nusu na nitacheza mhusika mkuu, ila skripti itakuwa yake na jina la mwandishi litakuwa la kampuni. Anataka tusaini Jumamosi usiku, hotelini. Rafiki yangu anasema nisimpe, nichukue milioni nne zangu za kikoba ninunue kamera nianze mwenyewe. Mama anasema nitafute kazi ya kueleweka, maana mwigizaji wa kike akifika 30 anaanza kupewa nafasi za umama. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Jumamosi iko karibu, kwa hiyo majibu kwanza, sababu zitafuata. Usisaini. Kamera usinunue. Kuigiza usiache. Na utayarishaji uingie, kwa sababu kwa barua hii naona umeshaanza bila kujua.

Tuanze na hesabu. Milioni mbili na nusu ukizigawa kwa vipindi 13 hazifiki laki mbili kwa kipindi. Ndani ya hela hiyo yumo mwandishi, yumo mwigizaji mkuu atakayekuwa lokesheni karibu kila siku ya kazi, na imo haki ya kuitumia hadithi hiyo milele. Nauli ya kutoka Rangi Tatu itatoka humo. Nguo za mhusika, ambazo kwa mazoea ya hapa mjini utaambiwa uje nazo mwenyewe, zitatoka humo. Mtu akikupa bei moja kwa vitu vitatu, mwombe avitenganishe: uandishi bei yake, uigizaji bei yake, haki bei yake. Akigoma, kimojawapo anakichukua bure, na karibu kila mara ni haki.

Jambo hili naliongea kwa uchungu kwa sababu limewala wasichana wengi waliokuwa na vipaji. Enzi za VCD na DVD, soko la Bongo Movie lilikuwa Kariakoo. Filamu ikikamilika unampelekea msambazaji master, yaani nakala mama, analipa mara moja, na haki zote zinahamia kwake. Kilichouza kava dukani kilikuwa sura ya mwigizaji, mara nyingi mwanamke, lakini yeye alikuwa ameshalipwa chake siku ya mwisho ya kupiga picha, kama alilipwa chote. Katikati ya miaka ya 2010 soko lile lilidorora: wizi wa kazi, flashi za kujaziwa filamu kwa buku, ving'amuzi, simu. Stempu za kodi zilizoletwa mwaka 2013 zilisaidia kutofautisha nakala halali na bandia, lakini hazingeweza kumrudishia mtu haki aliyokwisha kuiuza. Filamu zilezile sasa zinaonekana televisheni na YouTube, na aliyeuza kila kitu hana pa kudai. Wapo waliokuwa wanajulikana kila kibanda umiza cha nchi hii ambao leo hawana hata nakala ya kazi zao.

Sasa kuhusu mtayarishaji ni nani. Hapa Dar mwenye kamera anaitwa mtayarishaji, mwenye hela ya mafuta ya jenereta anaitwa mtayarishaji, mwenye nyumba ya lokesheni naye anataka aandikwe. Kazi yenyewe ni hii: kushika haki ya hadithi, kuitafutia hela, kupanga bajeti, kukata vibali, kuajiri watu na kuwalipa, kuhakikisha kazi inakamilika kwa kiwango alichoahidiwa mnunuzi, kisha kuiuza. Ona kilichotangulia kwenye mlolongo huo. Bila haki ya hadithi hakuna cha kumpelekea mtu wa chaneli. Huyo bwana ana ofisi, ana majina ya mafundi kwenye simu yake, pengine ana mazungumzo na chaneli. Asichokuwa nacho ni wanawake wa Feri. Wewe unao, kurasa kwa kurasa. Ndiyo maana anaharakisha.

Na sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi yako tangu ulipoyaandika, hata kabla ya kuyasajili popote. Inamlinda mwandishi, na kwenye hakishiriki inamlinda mwigizaji pia. Isichokilinda ni wazo. Ukimsimulia mtu barazani kwamba una hadithi ya wakaanga samaki wa Feri, anaweza kwenda kuandika yake. Kwa hiyo maneno punguza, maandishi ongeza. Peleka skripti COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili ili uwe na ushahidi wenye tarehe, na jitumie nakala kwa barua pepe usiku huuhuu. Kama ulimpa huyo bwana skripti kwa WhatsApp, usifute mazungumzo hayo. Ni ushahidi kwamba ilitoka kwako.

Sikwambii umkatae. Nasema mpe kitu kidogo zaidi kwa bei inayoeleweka. Kuna tofauti kubwa kati ya kumuuzia mtu skripti na kumpa ruhusa ya kuitumia. Unaweza kumpa haki ya kuitengeneza tamthilia hii, msimu mmoja, kwa muda mliokubaliana, na mkataba useme kwamba kama hajaanza kupiga picha ndani ya miezi 18, haki zinakurudia bila wewe kumrudishia malipo ya awali. Kifungu hicho kipiganie kuliko vyote. Nimeona skripti nzuri zikilala kwenye droo za watu miaka na miaka, mwandishi akizunguka mjini hawezi kuipeleka kwingine kwa sababu alishasaini.

Jina lako liandikwe "Mwandishi" kwenye kila kipindi na kwenye matangazo. Hili usilikubalie mzaha hata akikuongezea hela, kwa sababu mtu atakayekutafuta kwa kazi ya pili ataliona jina hilo kwanza. Msimu wa pili ukija, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa uuandike, na ulipwe upya. Nafasi ya mhusika mkuu iandikwe kwenye karatasi ya peke yake, yenye idadi ya siku, malipo kwa siku au kwa kipindi, nani analeta nguo, nani anagharimia usafiri wa usiku, na nini kitatokea ratiba ikisogea. Malipo yagawanywe: sehemu siku ya kusaini, sehemu siku ya kwanza ya kupiga picha, iliyobaki kabla kazi haijakabidhiwa kwa mnunuzi. Ikishakabidhiwa, nguvu yako ya kudai imekwisha.

Kuna jambo moja lazima nikwambie usije ukaenda mbele ya huyo bwana ukidhani kila anayetaka haki ni mwizi. Chaneli zinanunua kwa njia mbili. Wakati mwingine kazi imeshatengenezwa kwa hela ya mtayarishaji, na chaneli inalipia kuionyesha kwa kipindi fulani, haki zinabaki kwa aliyeitengeneza. Wakati mwingine chaneli inaagiza kazi na kulipa gharama yote kuanzia mwanzo, na hapo kwa kawaida inataka haki zote ziwe zake. Kama mtayarishaji wako ana oda ya namna hiyo, hawezi kukuachia haki ambazo yeye mwenyewe hatabaki nazo. Ni jambo la halali, ila mwambie akuonyeshe kwa maandishi kwamba oda ipo, na bei yako ipande, kwa sababu sasa unauza haki zote kabisa. Hata katika hali hiyo jina la mwandishi linabaki lako. Chaneli kuwa na haki hakumfanyi mtu mwingine kuwa ndiye aliyeandika.

Kuhusu kusaini hotelini usiku. Sijui nia yake na simhukumu. Ninachojua ni kwamba mkataba wa watu waaminifu kwa kawaida unasainiwa mchana, ofisini, ukiwa na mtu wako pembeni, baada ya kukaa nao nyumbani siku kadhaa na kumwonyesha mwanasheria. Akisema dili litapotea kwa sababu unataka kusoma, liache lipotee. Na yakitokea maneno ya kwamba nafasi ina masharti mengine, ujue rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Tunza meseji. Wasichana wa sanaa wamezoeshwa kuona hili ni kodi ya kuingilia mjini. Siyo kodi, ni kosa, na anayelitenda ndiye wa kuona haya.

Kamera sasa. Rafiki yako anakupenda, lakini anakupeleka pabaya. Kwa milioni nne utapata kamera ya kawaida na lenzi moja au mbili. Utakuwa huna sauti, huna taa, huna kompyuta ya kuhariria, huna betri za akiba, na hela imekwisha. Watazamaji wetu wanavumilia picha isiyong'aa sana, sauti mbovu hawaivumilii, na chaneli haziipokei. Pale Feri penyewe, kwa kelele za mnada, boti na mafuta yanayochemka, fundi sauti mzuri atakuokoa kuliko kamera yoyote. Kamera inakodishwa kwa siku, inakuja na mtu wake, jioni inarudi kwa mwenyewe, ikiharibika siyo msiba wako. Toa sehemu ndogo ya akiba yako, ulipie mwanasheria aliyewahi kushika mikataba ya wasanii, usajili skripti, usajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na uchukue TIN, namba ya mlipakodi. Ikibaki nafasi, piga sini moja tu, yaani onyesho moja, ya dakika tatu au nne, iliyo bora kuliko zote ulizoandika, kwa vifaa vya kukodi na waigizaji wa kikundi chako cha zamani. Hata hiyo iombee kibali Bodi ya Filamu kabla hujatoka na kamera; Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayotutawala, na kusimamishwa katikati ya kazi kunakula hela kuliko kibali. Hela iliyobaki iache kwenye kikoba. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha wasanii, lakini ule ni mkopo, unarudishwa. Usiuguse kabla hujapata mnunuzi aliyesaini.

Nije kwa mama yako, kwa sababu hofu yake ina msingi. Waandishi wetu wamewapa wanawake umri wa aina tatu tu: binti anayependwa, mke anayelia, mama mkwe anayefoka. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna miaka 25 ya maisha ya mwanamke ambayo kamera haiioni. Mwigizaji anayeishi kwa kuuza sura lazima aogope 30. Lakini tazama waliodumu.

Tazama jukwaani kwanza, kwa sababu huko ndiko wanawake wetu walikotangulia. Penina Muhando aliandika Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982, akafundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka akawa profesa. Mwenzake Amandina Lihamba ameandika, ameongoza, ameigiza na amefundisha, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waigizaji wakuu wa Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Hakuwa binti wa miaka 22. Hakuna aliyemwuliza kama umri umemtupa mkono, kwa sababu uandishi, uongozaji na uigizaji vilikuwa mikononi mwake vyote, na kimoja kikipungua kingine kinamshika.

Kwenye filamu, Blandina Chagula, yule tunayemwita Johari, alitoka Kaole Sanaa Group, kikundi cha maigizo cha enzi za ITV, na badala ya kusubiri kuitwa akaanzisha RJ Company pamoja na mwigizaji mwenzake Vincent Kigosi, yaani Ray. Herufi ya pili kwenye jina la kampuni ni yake. Wema Sepetu alikuja na taji la Miss Tanzania la 2006, akapata jina kupitia filamu za wengine, kisha akafungua Endless Fame. Leah Mwendamseke, Lamata, alijenga jina nyuma ya kamera, akiongoza filamu katika kazi iliyojaa wanaume, na soko lilipohamia kwenye tamthilia za ving'amuzi alikuwa tayari anajua kuendesha seti. Leo tamthilia ya Jua Kali ya chaneli ya Maisha Magic Bongo inatajwa pamoja na jina lake. Watu wangapi wanamjua muongozaji wa tamthilia nyingine wanayoifuatilia?

Mfano ninaotaka uukalie zaidi ni filamu ya Binti, ya 2021. Wanawake wanne, maisha manne, humuhumu Dar es Salaam. Iliongozwa na Seko Shamte, ikatayarishwa na ndugu wawili, Angela na Alinda Ruhinda, kupitia kampuni yao ya Black Unicorn Studios, na mwaka 2022 ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix. Wahusika wake ni wanawake wazima wenye ndoa, mimba, madeni na majeraha, na waigizaji kama Godliver Gordian na Magdalena Munisi walipata mahali pa kuonyesha uwezo ambao nafasi ya shoga wa mhusika mkuu haiwezi kuuonyesha. Nafasi hizo zilikuwepo kwa sababu wanawake walioshika haki na bajeti waliamua ziwepo. Tamthilia yako ya Feri, kama nimekuelewa, imejaa wanawake wa kila umri. Ikitengenezwa vizuri itawapa kazi waigizaji wa miaka 40 na 50 ambao simu zao zimekaa kimya, na wewe ukifika huko utakuta mlango uliofungua mwenyewe.

Kwa hiyo kwa mama sema hivi: kazi ya kueleweka ipo humuhumu, na kwa sasa ina sura zaidi ya moja. Endelea kuigiza. Siku ambazo huna sini, omba ukae na mtu wa mwendelezo, yule anayeandika glasi ilikuwa mkono gani na kitenge kilifungwaje kabla picha haijakatwa. Hakuna darasa bora la kujua tamthilia inavyojengwa, na huyo anakaa karibu na kila uamuzi. Baadaye omba usaidizi wa uzalishaji: kupiga simu, kupanga ratiba, kuhesabu chakula, kulipa bajaji. Huko ndiko utajifunza hela inapovujia. Sauti nayo ina soko. Tangu tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ilipoonyeshwa TBC mwaka 2011, kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni kumekuwa ajira, na Azam na StarTimes wamewatumia Watanzania kwa kazi hiyo. Mwenye mafunzo ya jukwaa ana pumzi na matamshi wanayoyatafuta, na kwenye maikrofoni hakuna anayekuuliza una miaka mingapi. Ukitaka shule, kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukitaka kukutana na watu wanaotengeneza vitu vyao wenyewe, nenda Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, wanapoonyesha filamu, ukae mpaka mazungumzo ya mwisho.

Huyo bwana mjibu leo, kwa maandishi, kwa heshima, ili asije akasema ulikubali kwa mdomo. Unaweza kumwandikia hivi:

"Habari kaka. Nashukuru kwa kuipenda tamthilia yangu. Niko tayari tufanye kazi pamoja. Naomba unitumie rasimu mbili za mkataba, moja ya haki ya skripti na moja ya uigizaji, nizisome na mwanasheria wangu. Jina langu libaki kama mwandishi. Jumamosi usiku sitaweza. Naweza kuja ofisini kwenu siku yoyote ya kazi kabla ya saa tisa alasiri, nikiwa na mwenzangu. Kama kuna oda ya chaneli, naomba niione ili tukubaliane bei inayolingana nayo."

Akikutumia rasimu, usimjibu siku hiyohiyo. Ipeleke kwa mwanasheria, na mwambie aanze kusoma kwenye kifungu cha haki kukurudia.